Bonde la minazi mirefu: tuanze njia gani na mama mkwe?

SWALI: Habari dada. Mimi na mume wangu tunaishi Toronto, mwezi ujao tunaenda Kolombia na mama mkwe ana miaka 61 na goti moja linamsumbua. Tunataka siku moja ya kutembea bonde la Cocora tukaone ile minazi mirefu. Tutaweza kuzunguka lote? Na tubebe nini?

JIBU: Mdogo wangu habari nzuri, na hongera kwa kumchukua mama. Mzunguko mzima ni kama kilomita 12, masaa matano au sita kwa mtu mwenye miguu mizima, na kuna kipande cha kupanda kutoka mtoni mpaka shamba la La Montaña ambacho kwa kweli goti bovu halikitaki, mwinuko mkali halafu matope. Kwa hiyo mama asizunguke. Nyie laleni Salento, mji ulio karibu na bonde, saa moja asubuhi muwe pale uwanjani katikati ya mji yanapopakia magari ya zamani ya Willys, mama akae mbele na dereva, ni kilomita kama 11 tu mnafika. Hapo msiingie njia ya msituni, nyoosheni moja kwa moja kwenye minazi, mnapanda taratibu hadi anapochoka mama mnarudi, masaa mawili yanatosha kabisa na uzuri wote mmeuona.

Nawasisitizia asubuhi kwa sababu mchana mawingu yanashuka na mvua inakuja bila hodi, mnazi ulikuwa mbele yako mara huuoni. Mkifika saa saba mmechelewa. Mnaopenda kuzunguka nendeni siku ya pili wawili tu, mpitie msituni kwenye madaraja yanayoning'inia na pale hifadhi ya Acaime kwenye ndege wavumaji, vile vindege vidogo vinavyonyonya maua, mnapewa kinywaji cha moto cha sukari guru na kipande cha jibini.

Bebeni koti la mvua, sweta maana mko zaidi ya mita 2,000 juu, maji, na pesa taslimu za kule kwa ajili ya viingilio maana njia inapita kwenye mashamba ya watu. Gambuti zinakodishwa, kodini.

Sasa niseme kuhusu minazi yenyewe. Haina nazi ile, ni jamaa tu wa mnazi, wenyewe wanaita palma de cera, yaani mnazi wa nta, ndio mrefu kuliko miti yote ya jamii ya mnazi duniani, unafika mita 60, mnazi wetu wa Tanga ukiuweka pembeni unafika nusu. Ni mti wa taifa wa Kolombia tangu 1985. Ukipita ulio kando ya njia, uguse shina, ni la kijivu jeupe lina utelezi wa nta kama mshumaa, na pete nyeusi kila jani lilipodondoka. Zamani walikuwa wanaikwangua hiyo nta wanatengenezea mishumaa.

Halafu angalia chini yake. Majani ya ng'ombe tu, huoni mche hata mmoja. Msitu ulifyekwa wakaacha minazi, na mche mdogo unataka kivuli, ukiota juani unakauka na usipokauka ng'ombe anautafuna, kwa hiyo mnayoiona ni mizee iliyobaki bila watoto. Mimi hapo nilikaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo tafadhali msitoke njiani hata kwa ajili ya picha, na mkikuta sehemu imezungushiwa uzio ndani kuna vimche, hiyo ndiyo mumwonyeshe mama.