Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Aliyeibuni GPS?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, barazani kwetu hapa Tanga kumezuka ubishi. Mimi nilisoma kwamba GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, ni kazi ya Mmarekani Bradford Parkinson, lakini mwenzangu, ambaye ni fundi simu, anashikilia kwamba mwenye haki ni Roger Easton. Yupi kati yetu amesema kweli? Na je, imekuwaje simu yangu itambue mahali nilipo baharini hata bando likiwa limekwisha? – Msomaji, mvuvi wa Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mnao ushahidi, kwa kuwa mnazungumzia kazi mbili tofauti.

Easton alikuwa mtafiti katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani. Katika miaka ya 1960 alisimamia mradi ulioitwa Timation, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Shabaha yake ilikuwa kuweka angani saa zenye usahihi mkubwa, ili mtu aliye chini apime umbali kwa kutazama muda ambao mawimbi ya redio yametumia kumfikia. Wakati huohuo Jeshi la Anga lilikuwa na mradi wake, uliojulikana kama 621B, na kila upande ulivutia kwake.

Hapo ndipo anapoingia Parkinson. Alizaliwa mwaka 1935 huko Madison, Wisconsin, akahitimu chuo cha maofisa wa majini mwaka 1957, kisha akahamia Jeshi la Anga, ambako alisomea mitambo ya kuongoza vyombo na hatimaye akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1966. Mwaka 1973, akiwa kanali, alikuwa ndiye mkuu wa ofisi ya pamoja iliyokabidhiwa kazi ya kuunda mfumo mmoja kwa ajili ya majeshi yote. Mwezi Agosti mwaka huo alipeleka mpango uliofuata kwa kiasi kikubwa mawazo ya jeshi lake mwenyewe, nao ukakataliwa. Ofisa mwingine angeweza kununa au kutafuta wa kumlaumu. Yeye aliwakusanya wasaidizi wake Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, katika mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, wakati jengo lile kubwa likiwa karibu tupu, wakaupanga mfumo upya: kutoka 621B wakachukua muundo wa mawimbi, unaoziwezesha setilaiti zote kutumia masafa yaleyale bila kuvurugana kwa kuwa kila moja ina msimbo wake, kutoka kwa kina Easton wakachukua saa za atomu, na kutoka Transit, mfumo wa zamani wa Jeshi la Majini, wakachukua ujuzi wa kukadiria njia ya setilaiti. Mwezi Desemba mpango ukakubaliwa, na setilaiti ya kwanza ikarushwa tarehe 22 Februari 1978.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa siku zile za mapumziko ndio unaompa Parkinson heshima yake, kwa sababu kukubali kwamba mshindani wako ana saa bora kuliko yako ni kazi ngumu kuliko kukokotoa hesabu. Baada ya kustaafu jeshi alifundisha Stanford, ambako yeye na wanafunzi wake walitumia GPS kutua ndege aina ya Boeing 737 na kuongoza trekta shambani bila mkono wa dereva. Easton naye, aliyefariki mwaka 2014, alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia na Rais wa Marekani.

Kuhusu bando, simu yako haiiombi setilaiti chochote. Husikiliza tu, kama redio. Setilaiti ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hukupotosha kwa mita 300, na ndiyo maana saa zikapewa uzito wote huo. Hata nadharia ya Einstein ilibidi izingatiwe, kwani saa iliyo kule juu hutangulia ya hapa chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na tofauti hiyo ikiachwa, kosa la umbali lingeongezeka kwa kilomita 11 hivi kwa siku. Simu haina saa ya atomu, hivyo huhitaji setilaiti nne: tatu za kutafuta mahali, na ya nne ya kurekebisha saa yake.

Kinachohitaji bando ni picha ya ramani. Ipakue ukiwa bado nchi kavu, nawe utaiona nukta yako ikisogea juu yake hata mtandao ukipotea, ijapokuwa bila msaada wa mtandao simu huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kuzipata setilaiti.