Mtaa unaoupenda wewe, mpangaji anaweza asiutake

Kwa nyie mnaoanza kununua nyumba za kupangisha mjini, naanza na kosa langu maana naona kila anayeingia analirudia. Nyumba ya kwanza nilinunua mtaa ninaoupenda mimi: kimya, miti, majirani wastaarabu. Ikakaa tupu miezi minne. Watu wanakuja, wanaisifia, wanaondoka, mpaka mama mmoja akaniuliza, sasa kaka, kituo cha basi kiko wapi hapa? Dakika 25 kwa mguu. Mimi natembelea gari, wala sikuwahi kuwaza.

Toka siku ile sianzi na nyumba, naanza na atakayelala humo, asubuhi anaenda wapi na anafikaje. Hospitali, chuo, maofisi, soko, ndo vinavyoleta wapangaji, na viwe vya aina tofauti, sio mtaa mzima unategemea kiwanda kimoja, kikifungwa mmekwisha wote. Mji wa Detroit kule Marekani ulitegemea sana viwanda vya magari, mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, sensa ya 2020 imekuta kama laki 6 na elfu 40, nyumba kibao zikabaki magofu. Huo ni mji mzima, sembuse mtaa.

Halafu nenda kwa miguu, sio mara moja. Nenda saa 12 asubuhi uone foleni, nenda usiku uone taa na kelele za baa, na mvua kubwa ikinyesha usikae ndani, toka ukaangalie maji yanapita wapi, ukuta wenye mstari wa tope chini chini unakwambia kitu ambacho dalali hatakwambia. Waulize wapangaji wa pale maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na mwenzao wa mwisho alihama kwa nini. Wao hawana cha kukuuzia.

Kingine ni hizi habari za "hapa inakuja reli". Bei inapanda tangu siku mradi unatangazwa, kwahiyo mara nyingi wewe unauziwa faida ya kesho kwa hela ya leo, na miradi inachelewa, reli ya Elizabeth line ya London ilikuwa ifunguliwe Desemba 2018 ikaja kufunguliwa Mei 2022, sasa fikiria umekopa benki ukisubiri hiyo. Na kukiwa na viwanja vitupu vingi pembeni jua apatimenti kama yako zinakuja na wapangaji mtagombania.

Hesabu iwe fupi tu. Umenunua kwa 100, kodi ya mwaka ni 8, usijidanganye kuwa unapata asilimia 8. Miezi miwili tupu inakula 1.3, bado matengenezo, bima, kodi ya serikali, anayekusimamia, ukibakiwa na 5 shukuru. Na bei linganisha na zilizouzwa kweli sio zilizotangazwa, kutangaza hata mimi naweza kutangaza chochote. Hati na ramani ya mipango miji vikague kabla ya kutoa hata senti ya kushika nyumba, kuna watu wamenunua ndani ya hifadhi ya barabara kabisa.

Ile nyumba yangu bado ninayo. Anakaa mzee mmoja mstaafu mwenye gari lake, analipa chini ya nilichotaka ila mwaka wa sita huu hajahama.