Fundi Anajibu: Mashine ya kupasulia mbao kwa karakana ya nyumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi, naishi Mtanda. Jioni na Jumamosi natengeneza stuli, makabati na milango midogo kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Mpaka sasa napasua kwa msumeno wa umeme wa mkono na mistari hainyooki. Nataka mashine ya meza, na nimeziona tatu. Ya kwanza ni mpya, ndogo, ya diski ya inchi 10, meza ya alumini, miguu ya kukunja, wati 1,800. Ya pili ni mtumba wa Japani, meza ya chuma kizito, na muuzaji anasema haifi leo wala kesho. Ya tatu nitachomelewa na fundi wa hapa mjini, diski na randa pamoja, bei karibu sawa na ile mpya. Mbao zangu ni mninga na mkongo, na plaiwudi kwa ajili ya makabati. Umeme wangu ni wa kawaida wa nyumbani. Nichukue ipi?
Mwalimu wa Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chukua ile mpya ndogo, ila kwa masharti mawili. Isipoyatimiza, iache hapohapo dukani hata wakikupunguzia bei. La kwanza ni kisu cha nyuma. La pili ni chuma cha kuongozea mbao. Wati na miguu ya kukunja vije baadaye.

Kisu cha nyuma ni kile kibati kinachosimama nyuma ya diski, kinafuata mviringo wake, kinapanda na kushuka pamoja nayo. Wengi wakifika nyumbani wanakifungua na kukitupa kabatini kwa sababu hawajui kazi yake. Wewe unapasua mkongo, kwa hiyo nisikilize hapa. Ubao wa mkongo unaweza kulala umenyooka kabisa mezani, lakini ndani yake kuna mvutano tangu mti ulipokuwa umesimama. Diski ikishaufungua, zile pande mbili zinaanza kujikunja na kurudiana. Utasikia mota inakuwa nzito, kisha harufu ya kuungua. Ule mwanya uliopasuliwa unajifunga na kuibana diski kwa nyuma, na kule nyuma meno yanapanda juu yakija upande wako. Yakiunasa ubao yanauinua na kuurusha tumboni mwako. Diski za mashine ndogo kama hizi huzunguka kama mara 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, hivyo hutapata nafasi ya kukwepa. Kisu cha nyuma kinakaa katikati ya ule mwanya na kuuzuia usijifunge. Hakikisha unene wake unazidi bati la diski lakini haufikii upana wa meno. Kwa kawaida vipimo vinakuwa vimegongwa kwenye kisu chenyewe. Na siku ukibadilisha diski, ukanunua nyembamba zaidi, linganisha upya.

Sasa chuma cha kuongozea, kile kirefu cha pembeni unachoegemeza ubao. Nenda dukani na tepu na kalamu. Umeme ukiwa umechomolewa, tia alama jino moja la diski. Lilete mbele, pima kutoka kwenye jino hilo hadi kwenye chuma. Zungusha diski kwa mkono mpaka jino hilohilo lifike nyuma, pima tena. Vipimo viwe sawa. Kama kwa nyuma chuma kimesogea kuelekea diski, hata milimita moja, kila ubao utakaopitisha utasukumwa kwenye meno ya nyuma, na tunarudi kulekule kwenye kurushwa. Mwambie muuzaji akuoneshe pa kukirekebisha. Halafu kifunge, ukisukume mwisho wake kwa kiganja. Kikicheza, mashine hiyo haikufai.

Na kwa kuwa unatengeneza makabati: plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ina upana wa milimita 1,220. Ukitaka kuigawa katikati, chuma hicho kiweze kwenda milimita 610 kutoka kwenye diski. Zipo ndogo zinazofika na zipo zisizofika. Kina hakitakusumbua, maana diski ya inchi 10 hupasua kama inchi 3 ikiwa imesimama wima.

Ile ya Japani usiilipie kabla ya kusoma kibati cha mota. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Transfoma itakushushia volti, lakini haigusi mizunguko ya umeme. Sisi tuna hezi 50. Japani nusu ya nchi ina 50, nusu ina 60. Kama mota ni ile nzito ya mkanda, isiyo na brashi za kaboni, na kibati kinasema 60 peke yake, hapa kwetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja katika sita na itachemka. Ikiandikwa 50/60 hapo unaweza kuzungumza. Ikiandikwa fezi tatu, achana nayo, umeme wako hautaiwasha. Pia fikiria bahari. Meza ya chuma kizito ni nzuri mno kwa kazi, haitikisiki, lakini kwenye banda la bati pale Mtanda itashika kutu wiki usiyoigusa. Wenye nazo huzipaka nta ya mshumaa na kuzisugua kwa kitambaa mara kwa mara. Alumini itakupunguzia kazi hiyo.

Kuhusu ya kuchomelewa, nawaheshimu sana mafundi wetu. Mashine zao ndizo zilizopasua milango na vitanda vya nyumba nyingi zilizojengwa kwa pesa za korosho huku kusini, na kwa mbao nene hazichoki. Lakini nyingi nilizosimama mbele yake hazina kisu cha nyuma wala kifuniko, diski imetokeza uchi. Mahali penye mafundi wanne watano wanaoangaliana, watu wanaishi na hatari hiyo, ingawa sipendi. Wewe unafanya kazi jioni, peke yako, umetoka kusimama darasani kutwa nzima. Baadaye ukiwa na uwezo, mpelekee fundi huyo kisu ukiwa nacho mkononi na umwambie akiweke kwenye mashine atakayokuchomelea. Anaweza kabisa, tatizo ni kwamba wateja hawamwambii.

Kuna jambo hukuuliza na ndilo litakalokusumbua kuliko mashine yenyewe. Mbao zetu nyingi zinazotoka Liwale na Nachingwea zimepasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, na hakuna ukingo ulionyooka. Ukiuegemeza ukingo uliopinda kwenye chuma cha kuongozea, ubao utacheza katikati ya safari na kubana diski. Kwa hiyo usipitishe ubao wowote kabla haujapata ukingo mmoja mnyoofu. Kama huna randa ya mashine, kata kipande cha plaiwudi kirefu kuliko ubao wako, kikiwa na ukingo mnyoofu wa kiwandani. Laza ubao juu yake, ukingo wake uliopinda utokeze kidogo upande wa diski, ufunge kwa skrubu mbili kwenye zile ncha za ubao utakazokuja kuzikata na kuzitupa. Sasa kinachoegemea chuma ni plaiwudi, siyo ubao. Ukipitisha mara moja, ukingo umenyooka. Fungua skrubu, geuza ubao, endelea na kazi. Kipande hicho kitunze, utakitumia miaka.

Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 2.5 na uwe mfupi, uukunjue wote kabla ya kuwasha. Ule mwembamba wa kuchajia simu utakuunguzia mota. Usivae glavu wala shati la mikono mirefu iliyolegea. Sukuma kwa kijiti mkono unapokaribia diski.

Utasikia pia habari za mashine za Marekani zinazosimamisha diski zikigusa kidole. Ni kweli zipo. Kampuni ya SawStop ilianza kuziuza mwaka 2004, na diski husimama ndani ya kama milisekunde 5, kwa kipande cha alumini kinachofyatuliwa kwenye meno. Natamani sana zingefika kila karakana. Ila zinahisi mwili kwa kupitisha umeme, na mbao mbichi nayo inapitisha. Kwa mbao zetu ambazo hazijakauka inaweza kufyatuka bure, na kila ikifyatuka unabadilisha kile kipande, na mara nyingi diski pia.

SWALI: Fundi, nilinunua diski mpya ya meno 40 yenye ncha za kabaidi. Siku ya kwanza, nikipasua mvule, meno matatu yakang'oka. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Huenda si feki, ndugu yangu. Mvule una tabia ya kuhifadhi mawe ndani yake, chokaa ngumu inayojikusanya mti ukiwa hai, mara nyingi palipowahi kuwa na jeraha. Kabla ya kupasua, tafuta madoa ambayo rangi yake ni nzito kuliko ubao mwingine, ukwaruze kwa patasi kuukuu. Ukisikia inakwangua kama sakafu ya saruji, kwepa sehemu hiyo au ikate kwa msumeno wa mkono. Kwa kupasua kwa urefu tumia diski ya meno 24, ya 40 ibaki kwa kazi mchanganyiko. Na funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, vumbi la mvule linawasha kifua na ngozi kuliko la mbao nyingi. Ile diski yako usiirudishe mezani hata kama imebaki na meno 37. Ipeleke kwa wanaobandika meno upya, wakishindwa itupe.