Faini ya maegesho ya walemavu: usilipe kwanza

Pole, dada, kwa faini uliyopigwa ulipoegesha kwenye nafasi ya walemavu. Maadamu mama ulikuwa naye garini na kadi yake ya buluu (kibali cha maegesho cha walemavu) bado ni halali, ila iliteleza ikaangukia chini ya kiti, usilipe kwanza. Ukilipa tu, kesi imekwisha. Hapa Uingereza, iandikie halmashauri ndani ya siku 14. Wakikataa, kwa kawaida bado watakupa punguzo la nusu. Ambatisha picha ya kadi pande zote mbili, tarehe ya mwisho isomeke. (Yangu niliifunika kwa kidole gumba!) Kubali kwamba kadi haikuonekana, uombe wakusamehe. Wakigoma na bado unataka kupinga, subiri notisi ya mwenye gari (barua rasmi ya halmashauri kwa mwenye gari): una siku 28 kupinga rasmi, kisha baraza huru la rufaa, bure. Ila hapo punguzo limeshakwenda.