Kumaliza kuandika tasnifu siyo kuikusanya

Mtu akikuambia amemaliza tasnifu, muulize amemaliza nini. Kuandika sura ya mwisho ni jambo moja, kuikusanya, yaani kuiwasilisha rasmi chuoni, ni jingine, na katikati hapo ndipo wenzetu wengi wa uzamili hupotelea. Kazi nyingi nilizoziona zikilala hazikulala kwa sababu ya nadharia wala uchanganuzi. Zililala juu ya meza ya mtu zikisubiri saini. Nazungumzia uzamili wa Kiswahili wa kozi na tasnifu, maana ndio nilioupitia, ila msomaji wa elimu, historia au sosholojia naye atajikuta humu.

Anza na kalenda, tena uisome kinyumenyume. Unataka kuvaa joho mahafali yajayo? Kabla ya mahafali, Seneti ya chuo lazima ipitishe matokeo. Kabla ya Seneti kuna kamati ya uzamili ya kitivo au ndaki yako, na kabla ya kamati kuna masahihisho yako, ambayo hayaanzi mpaka ripoti za watahini zirudi. Watahini nao ni watu wenye vipindi, mitihani ya kusahihisha, safari na misiba, kwa hiyo usiwapigie hesabu ya wiki mbili.

Ndiyo maana vyuo vingi hudai notisi ya kusudio la kuwasilisha tasnifu, aghalabu miezi mitatu kabla. Wanafunzi huiona fomu hiyo kama urasimu tu, wakaiacha hadi kazi iishe. Lakini ndani ya miezi hiyo ndimo idara inamotafuta na kuteua mtahini wa ndani na wa nje. Usipotoa notisi, utafika na nakala zako nzuri kabisa ukakuta hakuna aliyepangiwa kuzisoma. Fomu hiyo ijaze ukiwa bado unahangaika na sura ya nne. Na kama muda wako wa usajili unakaribia kuisha, omba nyongeza kabla haujaisha, maana ukishaisha mazungumzo yanakuwa ya ada.

Kuhusu msimamizi, nina neno moja: msaidie akusaidie. Profesa mwenye wanafunzi kumi hakumbuki ulikubaliana naye nini kuhusu sehemu ya 4.3. Ukimpelekea "Shikamoo Prof, naomba uniangalizie kazi yangu" na faili la kurasa mia moja na ushee, umempa mzigo, na mzigo huwekwa pembeni. Andika hivi: "Shikamoo Profesa. Nimekutumia sura ya nne kwa baruapepe. Nimebadilisha sehemu ya 4.3 kama ulivyoelekeza, kurasa za 58 hadi 66, nimezitia rangi ya njano. Zilizobaki hazijabadilika. Naomba nipite ofisini Alhamisi asubuhi kama utakuwa na nafasi." Hapo amejua asome nini na lini. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha kwa adabu. Zikipita nyingine, mwone mratibu wa uzamili wa idara, ukiwa na tarehe ulizotuma kazi. Kufanya hivyo siyo kumshitaki mwalimu wako, mratibu yupo kwa ajili hiyo.

Makaratasi ya uwandani nayo yana siku yao. Tanzania Bara barua ya chuo humpeleka mtafiti kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo hushuka wilayani au kwenye halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ngazi hukupa barua ya kwenda ngazi inayofuata, na kila barua uitoe kopi siku hiyohiyo, kwa sababu ndiyo itakayokaa kwenye viambatisho. Ukivuka kwenda Zanzibar, kumbuka kule kuna kibali chake, cha Bara hakitoshi. Utafiti wa afya unapita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na walioko Kenya wanawajua NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti kule. Kurudi Sumbawanga kufuata muhuri uliosahau wakati kazi nzima imeshaandikwa ni adhabu ambayo simwombei mtu.

Sasa kurasa za mwanzo. Uthibitisho wa msimamizi, ikirari (tamko kwamba kazi ni yako), tabaruku (unayemtunukia kazi), shukurani, ikisiri (muhtasari), yaliyomo: hizi watu huzinakili kutoka kwenye tasnifu ya kaka aliyetangulia, na humo ndimo inamobaki mada ya kaka aliyetangulia. Tamko la hakimiliki nalo lina maneno yake rasmi, ambayo kwetu Tanzania hutaja Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Yachukue kwenye mwongozo wa chuo chako wa sasa, neno kwa neno. Mwongozo huohuo utakuambia pambizo ya kushoto iwe na upana gani (huwa pana kuliko nyingine kwa sababu ya jalada), kurasa za mwanzo zipewe namba za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na ukurasa wa 1. Yaliyomo yatengenezwe na kompyuta yenyewe kwa kutumia mitindo ya vichwa. Ukigonga nukta kwa mkono hadi pembeni, ukiongeza aya moja tu kila namba inapotoka mahali pake. Na weka lugha ya kihakiki-tahajia iwe Kiswahili. Ukikiacha kwenye Kiingereza, kazi nzima hupigiwa mistari myekundu, na macho yakishaizoea hayaoni tena penye kosa la kweli.

Mahali ambapo mtahini mzoefu hufungua kwanza, nakuhakikishia, ni marejeo. Anachagua majina matano ndani ya sura ya pili, anayatafuta nyuma. Asipoyaona mawili, anaanza kukusoma kwa jicho jingine. Kwa Kiswahili kuna mitego yetu wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliungana na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) mwaka 2009, kwa hiyo anayeandika "TATAKI (1981)" kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu anaonyesha kwamba kamusi hakuishika mkononi, ameiokota kwenye kazi ya mtu. Mwingine anaandika TUKI ndani ya sura na TATAKI kwenye orodha, kitabu kilekile. Halafu kuna majina. Shaaban Robert utamweka kwenye R au kwenye S? Wengi humweka kwenye R, wapo wanaobishana. Mimi sina ugomvi na yeyote, ila ukichagua R mwanzoni, asije akahamia S kwenye ukurasa wa 112. Pitia ukiwa na kalamu: kila jina lililomo ndani liwepo nyuma, na kila lililopo nyuma liwe limetajwa ndani. Ni kazi ya jioni mbili, inachosha, na hakuna programu itakayokufanyia yote.

Ripoti ya ufanano wa maandishi, ile ya kompyuta inayoonyesha maneno yako yanayofanana na ya kazi nyingine, isikutishe kwa asilimia peke yake. Ifungue uone kilichotiwa rangi. Tamko la hakimiliki, marejeo na beti za utenzi ulioudondoa vitatiwa rangi, na vina haki. Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni aya nzima ya mapitio ya maandishi iliyotiwa rangi mfululizo, kwa sababu hiyo hata mtahini ataiona.

Kisha subira. Ripoti zitarudi na mojawapo ya maneno haya: imepita, imepita kwa masahihisho madogo, masahihisho makubwa, iwasilishwe upya, au imeshindwa. Ukiambiwa masahihisho, usilie. Karibu kila mtu huambiwa. Kuisoma ripoti mara ya kwanza kunauma kwa sababu mtahini haandiki pongezi nyingi. Isome mara moja, ifunge, uirudie kesho yake.

Hapo ndipo uchore jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, na ukurasa. Mtahini akiandika "haielezwi watoataarifa walipatikanaje", wewe kwenye safu ya pili usiandike "nimerekebisha". Andika "nimeeleza katika 3.5 kwamba watoataarifa sita wa kwanza walielekezwa na mtendaji wa kijiji, na hao wakanielekeza kwa wengine", na safu ya tatu "uk. 41". Anayekagua masahihisho hatasoma tasnifu yako upya. Atasoma jedwali, afungue ukurasa wa 41, aone aya, atie saini. Kama hukubaliani na hoja, una ruhusa ya kusema hivyo kwa heshima na kwa ushahidi, ukiwa umezungumza na msimamizi kwanza. Hoja kubwa inayojirudia katika ripoti za Kiswahili ni nadharia inayoonekana sura ya pili, ikasalimiana na msomaji, kisha isionekane tena hadi hitimisho. Kabla hujakusanya, tafuta kwa kompyuta jina la nadharia yako ndani ya sura ya nne. Likitokea mara moja tu, bado hujachanganua, umesimulia data.

Baada ya saini zote ndipo unakwenda steshenari kwa jalada gumu. Usitangulize jalada hata kama mwenye duka anakuambia Ijumaa ana foleni. Rangi ya jalada na maandishi ya dhahabu hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo nenda na karatasi ya maelekezo, usimtegemee fundi akuambie "najua, wenzako wote wanafanya hivi". Jina lako liwe lilelile la usajili na vyeti, si lile la Facebook. Mwambie atoe nakala moja kwanza, uiangalie mgongoni kama jina, digrii na mwaka vimekaa sawa, ukague kama kuna ukurasa uliogeuzwa juu chini au jedwali lililoliwa na gundi. Lipa nusu. Nusu nyingine ulipe ukishazipitia nakala zote, ukiwa bado umesimama pale kaunta.