Re: Boksi la bei poa la kubebea vinyago vya Warhammer

Mkuu umeuliza utabebaje vinyago 40 vya Warhammer (ule mchezo wa mezani wa vikosi vya wanajeshi wadogo) kwenye basi bila mapanga yao kuvunjika na hela huna, mi nakwambia achana kwanza na yale mabegi ya sponji, sio mabaya ila bei yake unapata kikosi kingine kizima, halafu sponji inang'ang'ania vitu vyembamba, mi ilinikatia mkuki wakati nauchomoa tu.

Tafuta boksi la kawaida la plastiki lenye mfuniko wa kubana, bandika bati la chuma ndani chini, kila kinyago kigundishie sumaku ya milimita 5 kwa 2 chini ya kitako, yaani kile kisahani kinachosimamia. Kazi iko hapa sasa, sumaku lazima iwe sawa na ukingo wa kitako, ikipanda juu kidogo tu haishiki vizuri, kwa hiyo gundi ikiwa mbichi kisimamishe kinyago juu ya bati lenyewe, katikati weka nailoni gundi isishike bati, la sivyo utalia 😂 Alumini usinunue, haivuti sumaku. Vile vinyago vizito vya metali vipe sumaku mbili.

Ukimaliza ligeuze boksi juu chini uone kama vinashika, ila jaribia kitandani sio sakafuni.