Geuza kamera, soma pete ya lenzi

SWALI: Shikamoo Mjomba. Dada yangu anafanyiwa sendofu mwezi ujao, usiku, ukumbini, na nimepewa kazi ya kupiga picha za familia. Simu yangu imechoka. Nimetunza shilingi 300,000. Kariakoo nimeonyeshwa kamera ndogo mbili za mtumba, bei karibu sawa: Canon IXUS 185 ya megapikseli 20, zumu mara 8, na Canon PowerShot S95 ya megapikseli 10, zumu haifiki hata mara 4, tena imechubuka. Muuzaji anasema ya 20 ndiyo kamera. Nichukue ipi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua iliyochubuka.

Ni kweli S95 ni kongwe, ilitoka 2010, na mwenzake 2017. Lakini picha ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, inatosheka na megapikseli 2 tu. Kumi zitakufikisha hadi ya kutundika sebuleni. Hizo 20 ni za kuuzia.

Ukirudi dukani geuza kamera usome pete ya lenzi. IXUS ina 1:3.2–6.9, S95 ina 1:2.0–4.9. Hapo unaambiwa mlango wa lenzi unafunguka kiasi gani: namba ikiwa ndogo, mlango ni mpana. Kati ya 2.0 na 3.2 kuna tofauti ya mwanga mara mbili na nusu. MC akishazima taa keki iingie, utaelewa ninachosema. Sensa ya S95, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, nayo ni kubwa zaidi.

Zumu isikutie tamaa. Angalia namba ya pili kwenye pete: ukivuta, mlango unajibana. Ile ya dijitali ndiyo uizime kabisa, maana inakata picha na kuikuza tu. Sherehe hupigwa kwa miguu, sogea. Na flashi ya kamera ndogo haifiki mbali, utamulika visogo vya waliokaa mbele yako.

Kabla ya kutoa hela, nenda na kadi yako ya SD, uiingize, upige. Mimi mwenyewe, na miaka yote niliyokaa studio, niliwahi kubeba kamera safi kwa bei ya kutupa, kufika nyumbani nikakuta inakula kadi ya xD, ambayo haitengenezwi tena. Ipo kabatini mpaka leo, mke wangu anaifuta vumbi. Ingiza na kutoa lenzi mara kumi, usikilize kama inakwaruza. Piga karatasi nyeupe. Ukiona madoa, ndani kuna vumbi. Chaja iwepo, betri isiwe imevimba.

Betri yenyewe ni NB-6L. Ikiwa mpya inapiga picha kama 200, na hiyo ya mtumba si mpya. Shangazi zako wakishaanza kujipanga kwa makundi, 200 haziwafikishi kwenye chakula. Bakiza hela ya betri ya pili.